Mstari wa Chini ya Jina

Simu ilitetemeka pajani mwangu wakati kwaya ya akina mama ilikuwa kwenye ubeti wa pili. Niliichungulia chini ya leso. "Fundi Taa" anapiga. Na mimi fundi taa sina. Hilo ni jina nililomvika Khaemba kwenye simu yangu ili mtu akichungulia asione neno. Khaemba ni mpigapicha wa studio yetu pale Kisumu, na kwa miezi minane nilikuwa nampenda kwa siri, asubuhi nampenda, jioni namkana.

Sikupokea. Ningepokeaje? Nilikuwa sebuleni kwa mama mkwe wangu, Ahero, Jumapili mchana baada ya kanisa. Mapazia yalikuwa yamevutwa ili televisheni ionekane vizuri, na kwenye televisheni hiyo tulikuwa tunaangalia rapar ya mume wangu, marehemu Fabian. Rapar ni kumbukumbu. Mtu akishalala kaburini mwaka mmoja au miwili, jamaa wanarudi bomani, wanachinja, wanaimba, wanamsema vizuri, ndipo roho za watu zinatulia. Khaemba ndiye aliyepiga picha siku hiyo, na mimi, mjane mwenyewe, ndiye niliyeihariri filamu. Watu walinong'ona, "Atawezaje kumkatakata mume wake kwenye kompyuta?" Lakini hiyo ndiyo kazi ninayoijua, na sikutaka mkono wa mtu baki umguse Fabian.

Mama alikuwa kwenye kiti chake kikubwa, mjukuu wake amejibana katikati ya magoti yake. Huyo mjukuu ni Amolo, binti yangu wa miaka saba. Ndiyo kwanza amejua kusoma, basi hakuna kibao wala paketi ya chumvi inayompita. Kila utepe wa jina ulipotokea chini ya picha, aliusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na nyanya yake akamsubiri kwa fahari.

"O-yu-gi. Ndu-gu wa ma-re-he-mu."

"Hapo nimetoka smart," Oyugi alisema, akijinyoosha kwenye kochi. "Hiyo suti ni ya Nairobi."

"Tumbo nayo ni ya wapi?" mkewe Maryanne akamuuliza, huku akimenya njugu kwenye sinia.

Walicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Tepe zile zilikuwa na mistari miwili: wa juu jina la mtu, wa chini yeye ni nani kwa marehemu. Mama ndiye aliyeagiza hivyo. "Nyar Asembo," aliniambia, maana mimi ni binti wa Asembo na yeye huniita hivyo siku akiwa na furaha na siku akiwa na hasira, "sitaki sura kwenye filamu ya mwanangu ambayo kesho wajukuu watauliza, huyu naye ni nani."

Na kwenye kona ya juu ya picha nilikuwa nimeacha namba zikikimbia. Sisi wahariri tunaziita taimkodi. Ni saa ya picha: kila kipande kidogo cha filamu kina saa yake, dakika yake, sekunde yake. Kabla hatujaanza niliwaambia kwa mdomo wangu mwenyewe, "Hii ni nakala ya kukagua. Mkiona kasoro msisimamishe. Shikeni namba, mwishoni mtaniambia nirekebishe." Nilijiona mtaalamu kweli kweli, kumbe nilikuwa najichimbia shimo.

Simu ikatetemeka tena. Fundi Taa. Nikanyanyuka.

"Unaenda wapi?" Oyugi akauliza. Shemeji yangu huyu, tangu mdogo wake afe, alikuwa amejipa kazi ya kujua ninakokwenda.

"Nje kidogo, shem. Simu ya kazi."

"Jumapili?"

"Wateja hawajui Jumapili."

Nilitoka barazani. Uani mpunga wa Mama ulikuwa umeanikwa juu ya turubai, kuku wanauvizia kwa mbali. Nikajibana nyuma ya nguzo.

"Khaemba, nilikwambia leo usipige!"

"Dorca, filamu imeanza?" Sauti yake ilikuwa na upepo, kama mtu aliye barabarani.

"Inakaribia nusu."

"Isimamishe."

"Kwa nini?"

"Simamisha kwanza, halafu uniulize."

"Khaemba, unanitisha."

"Hata mimi nimeogopa." Akaongeza sauti. "Nilikuwa nasafisha kadi za ile kamera ndogo. Nilipobadilisha betri siku ya rapar, saa yake ilirudi sifuri. Sikuona. Kadi ya asubuhi inaanza sifuri, na ya jioni pia inaanza sifuri. Na zote nilikuwa nimeziita jina moja."

Sikumuuliza maana yake.

Ngoja nieleze, maana jambo lenyewe ni dogo na ndilo lililotaka kunimaliza. Picha za HD, zile safi kabisa, ni nzito, kompyuta yangu haizibebi. Kwa hiyo nahariri kwa nakala nyepesi, zenye ukungu kidogo, na nikimaliza naiambia mashine itoe zile nyepesi iweke zile safi. Mashine haijui uso wa mtu. Inafuata jina la kadi na saa ya picha, basi. Ikikuta kadi mbili zenye jina moja na saa moja, inachukua itakayoiona kwanza, wala haikuombi ruhusa. Jana yake, picha safi zilipoingia, nilipaswa kuiangalia filamu yote upya. Lakini Oyugi alikuwa ameshafika na gari kunichukua, anapiga honi kama anauza samaki. Niliangalia mwanzo, nikaangalia mwisho, nikaamini katikati.

"Kadi ya asubuhi niliitumia mara moja tu," nikanong'ona. "Pale ninapotoa shukrani."

"Najua."

"Na ya jioni ina nini?"

Akasema polepole, "Ni ile ya ghalani, Dorca. Niliiweka kamera juu ya gunia nikidhani nimeizima."

Mungu wangu. Ile ya ghalani.

Siku ya rapar, wageni walipoanza kutawanyika, nilikimbilia nyuma ya ghala la mpunga nikalie peke yangu. Nilikuwa nimechoka kuwa mjane mbele ya watu tangu alfajiri. Khaemba akanifuata na kamera yake. Hakunikumbatia. Alisimama tu akaanza kunitoa makapi ya mpunga kwenye nywele, moja moja, kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Kisha akaniuliza, "Mimi Mbukusu nikitaka kuja kuposa mjane wa Kijaluo, nabisha mlango wa nani? Wa baba yako Asembo au wa huyu Mama?" Nikacheka. Tangu Fabian azikwe nilikuwa sijacheka hivyo, mpaka nikaegemeza kichwa kwenye kifua chake. Swali lake sikulijibu. Miezi miwili ilikuwa imepita, na bado sikuwa nimelijibu, kwa sababu ya Amolo.

Oyugi alikuwa ameshaniambia, bila kuzunguka. "Mama Amolo, wewe bado kijana, hatukufungi. Lakini siku utakayochukua mtu wa nje, utatoka na nguo zako. Mtoto ni wa boma. Mtoto habebwi." Na alipoyasema hayo Mama alikuwa amekaa palepale, na hakutia neno. Tangu siku hiyo, kila nikimtazama Khaemba naona binti yangu akiniaga kupitia dirishani.

"Rudi ndani, vuta waya," Khaemba alisema. "Sema kompyuta imeharibika. Mimi nakuja."

"Usije! Umerogwa?"

"Niko Nyamasaria tayari, juu ya boda. Kosa ni la kamera yangu. Siwezi kukuachia ulilipe peke yako."

"Khaemba, wataninyang'anya mtoto."

"Basi watakunyang'anya na mimi nikiwa hapo." Simu ikakatika.

Nilirudi ndani. Kwenye televisheni, mchungaji alikuwa anafunga maombi. Nilijua filamu ile kama kiganja changu: mchungaji, halafu keki, halafu mimi. Kompyuta ilikuwa kwenye meza chini ya televisheni, waya wake umechomekwa, na kati yangu na meza hiyo walikuwa wamekaa watu wote. Nikajipenyeza.

"Mama, samahani, kuna kasoro imeingia. Wacha nisimamishe tu kidogo."

"Kasoro gani?" Oyugi akadaka.

"Ya rangi."

"Rangi iko sawa. Mimi naona sawa."

"Nyar Asembo," Mama akasema bila kugeuza shingo, "si wewe umesema tusisimamishe? Kaa. Namba tutashika."

"Lakini Mama..."

"Hii ni rapar ya mume wako. Kaa nasi umwangalie."

Ningefanya nini? Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nikaomba stima ipotee. Stima ya Ahero inapotea mvua ikinyesha, inapotea jua likiwaka, inapotea mtu akipiga chafya. Siku hiyo niliyoihitaji ikatulia tuli. Namba zikakimbia kwenye kona. Keki ikakatwa. Amolo akasoma jina la shangazi aliyeikata.

Sauti yangu ikaanza kusikika, ile ya asubuhi ya rapar, maana sauti tulikuwa tumeinasa kwa mashine nyingine na haikuguswa. "Kwa niaba ya familia nashukuru kila mmoja wenu..."

Na picha ikaja, safi ajabu. HD haina huruma. Ulionekana ukuta wa ghala, na magunia. Nilionekana mimi, macho mekundu, na mwanaume mrefu mwenye shati la buluu ananitoa makapi kwenye nywele.

"...Fabian alikuwa nguzo yangu," sauti yangu ilisema, "na pengo lake halitazibika..."

Chini yetu utepe ukajifungua, mzuri, na ua jeupe pembeni.

"Do-r-ca," Amolo akasoma. "Mja-ne wa ma-re-he-mu Fa-bi-an."

Mwanamke kwenye picha akacheka. Akacheka kwa mwili mzima, akaegemea kifua cha yule mwanaume, na mkono wa yule mwanaume ukatua mgongoni kwake taratibu. Mkono wa Maryanne ulibaki hewani na njugu. Mimi nilitazama sakafu. Niliona aibu, niliona hofu, na katikati ya hofu hiyo, Mungu anisamehe, niliona jinsi nilivyokuwa mzuri nikicheka.

Oyugi aliruka kama ameumwa na siafu.

"Simamisha hiyo kitu! Mama, umeona? Umeona lakini? Kwenye rapar ya ndugu yangu! Nyuma ya ghala yetu!"

"Oyugi, keti."

"Mama, huyo si ni yule cameraman? Wa Bungoma!"

"Nimesema keti. Filamu haijaisha."

Akaketi. Na mimi nikajifunza kwamba kuna jambo baya kuliko kufokewa. Tuliiangalia filamu mpaka mwisho. Wazee walihutubia, watoto waliimba, watu walikula wali na samaki, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa Amolo, aliyeendelea kusoma majina. Mama alikuwa amemzungushia mikono yote miwili. Niliitazama mikono ile. Nilijiambia, ameshamchukua. Ameshamchukua, na hata nguo zangu sijafunga.

Picha ya mwisho ya Fabian ikafifia. Oyugi akafungua pazia kwa nguvu, mwanga wa mchana ukatuvamia.

"Sasa tuongee," akasema. "Mama Amolo, nilikwambia ama sikukwambia?"

"Uliniambia, shem."

"Basi. Yako ni nguo. Mtoto..."

"Kwanza kasoro," Mama akamkatiza. "Tulikubaliana kasoro mwisho. Nyar Asembo, rudi kwenye kompyuta yako."

Nilipiga magoti mbele ya meza. Mama amekuwa mweka hazina wa akina mama kanisani tangu sijaolewa, na namba haikimbii kichwani mwake.

"Dakika ya nne, jina la mchungaji imeandikwa bila Reverend. Atanuna."

"Ndiyo, Mama."

"Dakika ya kumi na tisa, kuku wangu wamepita mbele ya kwaya. Toa kuku."

"Ndiyo, Mama."

"Thelathini na moja, sekunde ya kumi." Nilisikia kiti chake kikilia. "Hapo kuna mtu hana jina."

Sikugeuka. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye vitufe.

"Mama, hiyo picha ni kosa. Kamera ilijichanganya, nitaitoa yote, naapa..."

"Sijakuuliza kamera. Mimi niliagiza nini? Si niliagiza kila sura iandikwe? Mtu asiye na jina ndani ya boma langu ni mwizi. Mwenye jina ni mgeni. Huyu anaitwa nani?"

"Mama, unambembeleza huyu?" Oyugi akalalama.

"Na wewe unatetea nani?" Maryanne akamgeukia ghafla. "Ndugu yako ama wewe mwenyewe? Unadhani sijui vile unamhesabu, unataka umrithi? Wacha nyieka yangu, mke mwenzangu wa boma hili, ajibu!"

Oyugi akarudi kwenye kochi. Nje, mbali kidogo, pikipiki ilikuwa inalia, inakaribia.

"Mwanangu nilimlilia," Mama akasema, sasa sauti imeshuka. "Bado namlilia. Nilipofiwa na baba yake nilikuwa na umri wako. Hakuna aliyeniuliza kitu. Waliniletea mtu jioni, wakasema huyu ndiye wa kunirithi. Nilicheka tena lini? Hata sikumbuki." Akakohoa. "Andika jina."

Nikaandika. Kwenye televisheni, juu ya shati la buluu, herufi zikajitokeza moja moja: KHAEMBA. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona jina lake mahali ambapo halijafichwa. Pikipiki ikazimika langoni, mbwa wakaanza.

"Hodi!" Sauti yake. Ilikuwa inatetemeka, na haikurudi nyuma. "Hodi wenyewe!"

Mama hakugeukia mlango.

"Na mstari wa chini?" Mama akauliza. "Kila mtu ana mstari wa chini. Huyu ni nani?"

Kistari kilikuwa kinawaka na kuzima, kikinisubiri. Ningeweza kuandika "mpigapicha" na pengine yangekwisha. Nilimgeukia binti yangu. Alikuwa bado ndani ya mikono ya nyanya yake, ananitazama, midomo imeshajiandaa kusoma. Hofu niliyoihisi hapo sijawahi kuihisi, hata siku daktari alipotoka chumbani kwa Fabian akivua miwani. Nilifikiri, nikiandika, nampoteza. Nikisema uongo, atausoma kwa sauti.

Nikaandika. Sikufuta.

"Msomee nyanya, Amolo," Mama akasema. "Macho yangu yamechoka."

"Kha-em-ba," Amolo akasoma, akavuta pumzi. "M-chu-mba wa Do-r-ca."

Akaninyanyulia macho. "Mama, Dorca si ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema.

Mama aliweka kidevu juu ya nywele za mtoto. Kisha akaifungua mikono yake, akamsukuma Amolo taratibu mpaka akanifikia na kuning'ang'ania shingoni.

"Hodi!" Khaemba akaita tena kule nje.

"Oyugi," Mama akasema, akitafuta viatu vyake kwa miguu, "enda umfungulie mgeni lango. Na umwambie kwetu mtu anaingia kwa mbele."